Dari ya Mgodi wa Makaa ya Mawe: Kinachoishikilia na Kinachoiangusha

Wakazi wa Nuu, Mui na Zombe, na wote wakaao katika nchi kavu ya Kitui, wamezoea kwa muda mrefu kusikia habari za makaa ya mawe yaliyo chini ya bonde la Mui. Wizara ya Nishati ya Kenya ilianza kuyatafuta mwaka 1999. Mashimo membamba yalitobolewa mengi, na bonde likagawanywa sehemu nne: A, B, C na D. Katika sehemu C peke yake ilikadiriwa kuwa kuna makaa kiasi cha tani milioni 400. Mwezi wa Desemba 2013 Serikali ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Fenxi ya China kwa ajili ya sehemu C na D. Miaka iliyofuata ilipita katika mazungumzo ya ardhi, fidia na usafi wa hewa na maji.

Katika mabaraza watu huuliza juu ya mashamba yao, makaburi ya wazee wao na visima vyao, nao hufanya vema kuuliza. Lakini liko swali jingine lisilosikika sana, nalo lamhusu kila kijana atakayetafuta kazi ya kuchimba makaa, ikiwa ni nyumbani au katika nchi za mbali. Mtu anaposhuka chini ya ardhi na kutoboa njia ndani ya mwamba, ni nini kinachouzuia mwamba ule usimwangukie? Jibu lake si gumu kulifahamu, na kulijua kwaweza kuokoa maisha.

AINA MBILI ZA MACHIMBO

Kwanza yafaa tutofautishe machimbo ya namna mbili. Makaa yakiwa karibu na uso wa nchi, udongo wote wa juu huondolewa, na makaa hufunuliwa kama mtu afunuavyo chungu. Ndivyo wachimbavyo huko Ngaka, katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania. Shimo la namna hii halina dari, ingawa kuta zake zaweza kuporomoka zikichimbwa wima mno.

Lakini makaa yakiwa chini sana, gharama ya kuondoa udongo hushinda thamani ya makaa yenyewe. Hapo wachimbaji hutoboa njia na kuingia ndani, wakaacha nchi ya juu mahali pake. Mgodi wa Kiwira, kusini-magharibi ya Tanzania, uliofunguliwa mwaka 1988, ulijengwa kwa namna hii. Mahali kama hapo mchimbaji hufanya kazi chini ya dari ambayo hakuijenga mwenyewe, na habari zetu za leo ni za dari hiyo.

UZITO WA MWAMBA

Mwamba wa kawaida, wenye upana wa mita moja, urefu wa mita moja na kimo cha mita moja, una uzito wa tani mbili na nusu hivi. Basi ikiwa makaa yako mita 100 chini ya miguu yetu, kila mita moja ya mraba ya makaa hayo, yaani mahali pa kuketi watu wawili tu, imebeba tani 250. Huo ni uzito wa shehena ya malori 25 yenye kuchukua tani kumi kila moja.

Kabla mtu hajachimba, makaa yenyewe ndiyo yaubebao mzigo huo, na kila sehemu hubeba fungu lake. Mchimbaji akiondoa makaa mahali fulani, mzigo wa juu hauondoki pamoja nayo. Hufanana na watu kumi waliojitwika gogo kubwa mabegani: wanne wakiachilia, gogo halipungui uzito, bali wale sita waliobaki huongezewa. Vivyo hivyo uzito wa mwamba ulio juu ya njia iliyochimbwa huhamia kando, ukayalemea makaa yaliyoachwa kulia na kushoto. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kupanga mgodi ni kukadiria ni makaa gani yatakayotolewa, na ni yapi yatakayoachwa yabebe mlima.

NGUZO ZISIZOGUSWA

Njia iliyo ya zamani na ya kawaida ni ile ya vyumba na nguzo. Wachimbaji hukata njia zinazopishana kama barabara za mji, na baina ya njia na njia huacha mapande ya makaa yasiyoguswa. Mapande hayo ndiyo nguzo. Hazikujengwa kwa mawe wala saruji. Ni makaa yenyewe yaliyoachwa mahali pake.

Na tuchukue mfano wa hesabu. Mgodi uko chini mita 100. Kila nguzo ina upana wa mita 12 kila upande, na njia zina upana wa mita 6. Kila nguzo basi yabeba mwamba ulio juu yake yenyewe, na pia nusu ya mwamba ulio juu ya njia zinazoizunguka. Tukipiga hesabu twaona ya kwamba mzigo wa kila mita ya mraba ya nguzo umepanda kutoka tani 250 hadi kiasi cha tani 560.

Sasa atokee msimamizi mwenye tamaa, aseme, "Haya yote yaliyoachwa ni mali inayopotea." Aamuru kila nguzo ichongwe pande zote mpaka ibaki na upana wa mita 9, na njia zipanuke kuwa mita 9. Atapata makaa zaidi kwa kadiri ya theluthi moja ya yale aliyopata kwanza. Lakini mzigo wa nguzo umekuwa tani 1,000 kwa kila mita ya mraba. Tena nguzo nyembamba si dhaifu kwa sababu ya mzigo tu. Hata nguvu zake zenyewe hupungua, kwa kuwa kiini chake hakina tena makaa mengi ya kukizunguka na kukibana.

Mambo haya yalipimwa na wataalamu wawili wa Afrika ya Kusini, Salamon na Munro, walioeleza matokeo yao mwaka 1967. Walichunguza nguzo za migodi ya makaa 125 kwa jumla ya mahali: 98 mahali ziliposimama, na 27 mahali zilipoanguka. Kutokana na hizo walipata kanuni ya kukadiria nguvu ya nguzo kwa kupima upana wake na kimo chake. Kwa kanuni yao, nguzo yetu ya mita 12, katika chumba chenye kimo cha mita 3, yaweza kustahimili kiasi cha tani 1,100 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu mara mbili ya mzigo wake. Ikichongwa kuwa mita 9, nguvu yake hushuka chini kidogo ya tani 1,000, na mzigo wake ni tani 1,000 kamili. Maana yake hakuna akiba iliyobaki. Wataalamu hao walishauri ya kuwa nguvu ya nguzo iwe kama mara 1.6 ya mzigo wake.

Hata kimo cha chumba kina neno lake. Nguzo ndefu ni dhaifu kuliko nguzo fupi yenye upana ule ule. Mtu akiacha upana wa mita 12 lakini akakata makaa ya darini mpaka chumba kiwe na kimo cha mita 5, nguvu ya nguzo hupungua kutoka tani 1,100 hadi karibu tani 800. Hakuigusa nguzo ubavuni, na bado ameidhoofisha.

Kanuni hiyo ilitokana na makaa ya Afrika ya Kusini. Makaa ya kila nchi yana ugumu wake na nyufa zake, na kila mgodi mpya hauna budi kupima makaa yake wenyewe kabla ya kuamua upana wa nguzo.

MSIBA WA COALBROOK

Uchunguzi huo ulitokana na msiba mkubwa. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa Coalbrook nchini Afrika ya Kusini, mamia ya nguzo yalivunjika kwa muda mfupi, na dari ikashuka juu ya watu waliokuwa kazini. Watu zaidi ya 430 walikufa, wengi wao Waafrika waliotoka Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na Msumbiji. Waokoaji walitoboa mashimo kutoka juu, lakini hawakusikia dalili yoyote ya uhai. Maiti hazikutolewa, mgodi ndio kaburi lao hata leo.

Mambo mawili ya msiba ule yafaa yakumbukwe. La kwanza, kabla ya kuanguka, chumba kilikuwa kimeongezwa kimo kwa kukata makaa ya darini, na nguzo zikadhoofika kama tulivyoeleza. Tena mwisho wa Desemba 1959 sehemu moja ya mgodi ilikuwa imekwisha kuporomoka. Hilo lilikuwa onyo, na kazi ikaendelea.

La pili ni jinsi nguzo zianguavyo. Nguzo moja ikivunjika, mzigo wake huwaangukia jirani zake. Jirani aliyekuwa na akiba husimama, na madhara yakaishia hapo. Lakini kama nguzo zote zilikuwa zimekwisha kufikia mwisho wa nguvu zake, ya pili huifuata ya kwanza, na ya tatu huifuata ya pili, mpaka eneo zima limelala. Hapo ndipo mtu aonapo maana ya methali isemayo, Mtaka yote hukosa yote. Makaa yaliyoachwa katika nguzo si mali iliyopotea. Ndiyo bei ya kutoka hai jioni.

DARI ILIYO KARIBU NA KICHWA

Si kila ajali ni kubwa kama ya Coalbrook. Wachimbaji wengi wameuawa mmoja mmoja, kwa jiwe moja lililochomoka darini huku nguzo zote zimesimama imara. Kwa hiyo, pamoja na kuufikiria mlima wote, yatupasa kuifikiria ile mita moja au mbili ya mwamba iliyo juu ya kichwa cha mtu.

Makaa hukaa katika tabaka, na juu yake mara nyingi huwa na tabaka nyingine za udongo uliogeuka mwamba, au mchanga ulioshikana, zimelaliana kama mbao. Chumba kikifunguliwa, tabaka hizo hubaki zimetanda kutoka ukuta hadi ukuta, nazo huanza kupinda katikati. Upana wa chumba ndio wenye hatari kubwa. Ukiuzidisha mara mbili, mkazo katika tabaka hauwi mara mbili tu, bali mara nne. Tena mwamba wa udongo hulegea kwa unyevu. Hewa nyevu ya majira ya mvua ikiingia mgodini, dari iliyokuwa kavu na imara huanza kumeguka.

Zamani dari ilitegemezwa kwa magogo peke yake. Gogo zuri lina sifa moja ipendwayo na wachimbaji, kwamba hulia kabla ya kuvunjika. Lakini magogo huziba njia, na hayazuii tabaka kuachana. Huipokea dari baada ya kuwa imekwisha kushuka.

Tangu miaka ya mwisho ya 1940 ilienea huko Marekani njia nyingine, ambayo leo yatumika ulimwenguni kote. Wachimbaji hutoboa tundu refu darini, mara nyingi la mita moja na nusu hadi mbili na nusu, wakatia fimbo ya chuma na kuifunga kwa gundi kali au kwa kichwa kinachotanuka ndani ya mwamba. Chini yake hukazwa bamba la chuma. Fimbo hizo, ziitwazo boliti za dari, hufanya kazi mbili. Kama juu kuna tabaka ngumu, huzitundika zile dhaifu kwenye hiyo ngumu. Kama hakuna, huzibana tabaka nyingi ziwe kitu kimoja. Chukua mbao nne nyembamba, uzipange pasipo kuzifunga, ukalie katikati, zitapinda. Zigundishe pamoja, na nguvu zake za kustahimili kupinda zitakuwa mara nne. Huo ndio ufundi wote wa boliti.

Iko na njia ya tatu, ya ukuta mrefu. Mashine hukata makaa mbele ya safu ya mihimili ya chuma isukumwayo kwa nguvu ya maji yaliyochanganywa na mafuta. Kila mashine ikisonga, mihimili nayo husonga, na dari ya nyuma huachwa ianguke kwa makusudi. Watu hukaa chini ya mihimili tu, wala hawaendi nyuma yake kamwe.

DALILI ZA HATARI

Mara nyingi dari hutoa habari kabla ya kuanguka, na mchimbaji mwenye busara hujifunza kuisikiliza. Dalili kubwa ni hizi:

Vumbi au vipande vidogo hudondoka pasipo mtu kugusa kitu.
Magogo hulia, hupasuka au hupinda.
Mabamba ya boliti hujikunja.
Ufa mpya huonekana darini, hasa karibu na ukuta.
Kuta za nguzo huanza kubanduka na kumwaga makaa.
Maji huanza kutona mahali palipokuwa pakavu.

Tena kuna jaribio la tangu zamani. Mchimbaji husimama chini ya dari iliyokwisha kutegemezwa, akaigonga kwa mtaimbo ile iliyo mbele yake. Mwamba mzima hulia kama chuma. Mwamba ulioachana na wenzake hutoa sauti nzito ya debe tupu. Akisikia sauti hiyo, huuangusha ule mwamba kwa mtaimbo mrefu akiwa mbali, au huutegemeza kwanza. Sheria iliyo juu ya zote ni hii: mtu asipite hata hatua moja chini ya dari isiyotegemezwa, hata kama ni kuokota chombo alichokisahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee; lakini mgodini asiyeziba ufa huenda asipate siku ya kujenga.

Wale wachimbao mashimo madogo wasidhani ya kwamba mambo haya ni ya migodi mikubwa tu. Oktoba 2015, huko Nyangalata, Wilaya ya Kahama, Tanzania, wachimbaji wa dhahabu sita walifukiwa shimoni. Mmoja alifia humo, na watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa maji ya tope, wadudu na mizizi. Sisi wa Ukambani tunajua jambo lile lile katika mito ya mchanga: achimbaye kisima na kufukua chini ya ukingo ili ayafuate maji, hujitengenezea dari ya mchanga pasipo kujua.

HAKI YA KUSEMA NA KUONDOKA

Habari zilizoandikwa baada ya msiba wa Coalbrook zasema ya kwamba siku ile, dari ilipoanza kuanguka, baadhi ya wachimbaji walikimbilia njia ya kutokea, lakini wakaamriwa kurudi kazini. Masikio yao yalikuwa yamesikia kweli, ila hawakuwa na sauti.

Katika Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja aonapo hatari kubwa. Nayo yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Kila mtu aajiriwaye kazi ya mgodi yampasa kuijua sheria hiyo, na kila mnyapara yampasa kuiheshimu. Mtaalamu hupima nguzo mara moja kwa siku nyingi. Mchimbaji huiona dari kila saa.

MASWALI YA BARAZANI

Dari ya mgodi ni jambo la walio juu pia. Mahali pa ukuta mrefu, nchi ya juu hudidimia mapema. Nyumba hupata nyufa, na maji ya visima huweza kupotea. Mahali pa nguzo, nchi yaweza kusimama kwa miaka mingi, kisha ikabonyea baada ya wachimbaji kusahauliwa. Karibu na mji wa Witbank, Afrika ya Kusini, uitwao sasa eMalahleni, machimbo ya kale yasiyo na kina yaliporomoka, na makaa yaliyobaki yakawaka moto chini ya ardhi.

Basi ikiwa siku moja watu watakuja barazani Nuu au Mui na ramani za mgodi mkononi, wazee na vijana na wawaulize haya. Mtachimba shimo la wazi, au mtaingia chini ya ardhi? Kama mtaingia chini, nguzo zenu zitakuwa na upana gani na kimo gani, na ni nani aliyeyapima makaa yetu? Nguvu ya nguzo ni mara ngapi ya mzigo wake? Je, mtazichonga mtakapokuwa mkiondoka? Mchimbaji akisikia dari inalia, ana ruhusa ya kutoka bila kukatwa mshahara? Nchi ya juu ikididimia baada ya miaka 30, ni nani atakayelipa?

Watu wamezoea kumwuliza mwenye mgodi atatoa tani ngapi. Na wamwulize vilevile ataacha ngapi, kwa maana hizo atakazoziacha ndizo zitakazoishikilia nchi.